Taa ya Jikoni Iko Nyuma ya Mpishi

Kaka yangu aling'ata kijiwe kwenye wali, na sote tuliozunguka sinia tukasikia.

Hakusema kitu. Alikitoa mdomoni taratibu, akakiweka ukingoni mwa sinia, akaendelea kula. Mama ndiye aliyeacha kula. Alikitazama kile kijiwe, akafuta mkono, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Macho yangu yamekwisha, wanangu. Kuanzia kesho mchele atachambua mjukuu wangu."

Hakuna aliyembishia. Kaka alisema, "Ni kweli Mama, pumzika." Na mimi nikaitikia.

Nililala na maneno yale, nikaamka nayo. Wiki zikapita. Nikawa namwona Mama anaingia jikoni usiku na kutoka haraka, anamwachia binti yangu kisu, anakaa kwenye kigoda cha uani na kutoa maelekezo kwa mbali. Mwanamke aliyepika shughuli za mtaa mzima hapa Ngamiani, mjini Tanga, aliyekuwa anaitwa kwenye harusi kusimamia masufuria ya pilau, sasa anauliza kutoka nje: "Kitunguu kimefika rangi gani?"

## Saa nne asubuhi

Kilichonishtua kilitokea barazani.

Nilimkuta asubuhi moja ana uteo mapajani, anachambua choroko huku anazungumza na jirani. Vidole vyake vilikuwa vinakwenda kama zamani. Chuya huku, kijiwe huku, punje iliyotobolewa na wadudu huku. Nilichutama pembeni yake nikachukua konzi ya zile alizokwisha kuzipitia, nikazitandaza kiganjani. Zilikuwa safi. Nikachukua konzi nyingine. Safi.

Macho yaliyokwisha usiku yalikuwa yanafanya kazi asubuhi.

Nilimpeleka kwa daktari wa macho, kwa sababu jambo la macho halibahatishwi. Alimpima kwa utulivu. Mtoto wa jicho ndiyo kwanza ameanza, si wa kufanyiwa upasuaji bado, na macho hayaoni vizuri vitu vya karibu, kama ilivyo kwa karibu kila mtu aliyepita umri wa miaka 45. Akamwandikia miwani. Kisha akatueleza jambo ambalo sikuwahi kulisikia: kadiri mtu anavyozeeka, mboni ya jicho inazidi kuwa ndogo na lenzi inaingia manjano, kiasi kwamba mtu wa miaka 60 anapokea ndani ya jicho takriban theluthi moja tu ya mwanga anaoupokea kijana wa miaka 20. Chumba ni kilekile na taa ni ileile, ila huyu anapata theluthi.

Binti yangu ana miaka 19.

Wawili hawa walikuwa wanasimama mahali pamoja, mbele ya meza ileile, na sisi tukahukumu kwamba mmoja anaona na mwingine haoni. Kumbe hawakuwa jiko moja.

## Nilisimama pale anaposimama

Usiku ule nilisubiri watu wamalize kula, nikaingia jikoni peke yangu, nikasimama mbele ya meza ya zege, mahali hasa anaposimama Mama. Nikaweka uteo mbele yangu na mchele juu yake.

Nikaona kivuli cha kichwa changu.

Wanaozijua nyumba zetu hizi za korido ndefu hawana haja ya kuelezwa jiko lilivyo. Liko uani, lina mlango mmoja na kidirisha kimoja, na taa moja katikati ya dari. Meza na sinki vimejengwa ukutani. Kwa hiyo anayepika anaupa uso ukuta na taa anaipa mgongo. Mwanga wote unampiga kisogoni na mabegani, na kile anachokikata, anachokichambua, anachokiosha, kiko ndani ya kivuli chake mwenyewe. Akiinama kuona vizuri, kivuli kinazidi kuwa kizito.

Simu nyingi zina kihisi kinachopima mwanga wa mahali ili kurekebisha kioo, na zipo programu za bure zinazotumia kihisi hicho kuonyesha kiasi cha mwanga unaoangukia mahali, kwa kipimo kinachoitwa luksi. Si kipimo cha maabara, lakini kwa kulinganisha kinatosha. Niliiweka simu juu ya uteo, nikasimama kama mpishi. Haikufika luksi 30. Asubuhi yake niliiweka mapajani mwa Mama pale barazani, kivulini, si juani. Ilipita 10,000.

Kiwango cha Ulaya cha taa za mahali pa kazi, EN 12464-1, kinataka majiko ya hoteli na mikahawa yawe na luksi 500. Mama yangu alikuwa anatafuta kijiwe cheupe ndani ya mchele mweupe, kwa luksi zisizofika 30, na jicho linalopokea theluthi.

Na alikuwa ametuomba radhi.

## Balbu kubwa

Kaka, ambaye ana moyo wa kutenda kuliko wa kujadili, alirudi jioni na balbu kubwa kuliko zote alizoziona dukani. Akapanda kwenye kiti, akaitoa ya zamani, akaiweka mpya. Jiko likawaka mpaka uani.

Mama aliingia, akafumba macho, akatoka.

Hapo ndipo wengi wetu tunapoishia tunaposema tumeboresha taa: tunaongeza nguvu palepale. Lakini kivuli hakiondolewi kwa kuongeza nguvu ya taa iliyo nyuma yako. Sehemu zote zinang'aa zaidi isipokuwa ile unayoihitaji, na kwa kuwa pembeni kumeng'aa, kivuli kinaonekana cheusi kuliko mwanzo. Juu ya hilo, mtoto wa jicho hutawanya mwanga ndani ya jicho. Taa kali inayomwangalia mtu usoni inamfunika ukungu. Kwa Mama, ile balbu ilikuwa adhabu.

Nikajaribu kukumbuka ni lini nilimwona Mama akipika usiku bila shida. Jibu lilikuwa la aibu kidogo kwa umeme wote tulionao: enzi za chemli.

## Chemli ilikaa karibu na mkono

Tulikuwa wadogo. Umeme ulikuwepo mjini, maporomoko ya Hale yalishaanza kuzalisha tangu 1964, si mbali na hapa, lakini nyumba yetu ilikuwa haijaunganishwa. Jioni Mama alifuta kioo cha chemli kwa gazeti, akakata utambi, akawasha. Aliibeba mwenyewe kwenda jikoni.

Na aliiweka wapi? Pembeni ya ubao wa kukatia. Akihamia kwenye mbuzi kukuna nazi, anaihamisha. Akienda kuchungulia chungu, anaibeba. Mwanga ulikuwa hafifu, wa njano, na moshi wake ulitukereketa. Lakini ulikuwa mbele yake, chini ya uso wake, hatua moja kutoka kwenye vidole vyake.

Kisha fundi akaja na nguzo, mita na waya. Alifunga taa sebuleni, akafunga kila chumba, na jikoni akafunga moja katikati ya dari kwa sababu katikati ya dari ndipo taa zinapofungwa. Hakumuuliza mtu anasimama wapi. Mama alishukuru, tulishukuru wote, chemli ikaingia stoo.

Mwanga uliongezeka mara nyingi sana, ukaondoka mkononi kwake.

Nimelifikiria hili kwa muda mrefu na sioni jibu lingine zaidi ya hili: pointi za taa katika nyumba zetu hupangwa na watu wasiopika. Angalia nyumba mpya zinazojengwa sasa hivi. Sebuleni kuna jipsamu ya ngazi mbili, taa ndogondogo zimezunguka dari, mkanda wa taa za rangi umefichwa nyuma, na swichi nne za kuziwasha kwa mafungu. Wageni wakija zinawashwa zote. Jikoni, mahali penye kisu, mafuta ya moto na maji yanayochemka, pana holda moja. Hatukuwa na nia mbaya. Tumezoea tu kwamba mwanga ni heshima ya mgeni, na mpishi atajijua.

## Swali lililonirudisha nyuma

Nilipomwambia Mama nataka kuhamisha taa, alikataa.

"Hela hiyo mlipie mtoto ada. Mimi nimeshapika ya kutosha."

Alivyolisema hakuwa na kinyongo, na hilo ndilo lililonisumbua. Nikajiuliza kama kweli nilikuwa namtafutia yeye taa, au nilikuwa najitafutia mimi njia ya kutokubali kwamba mama yangu anazeeka. Pengine alitaka kupumzika. Pengine kile kijiwe kilimpa sababu ambayo hakuwa nayo kabla, na mimi nilikuwa naingia na waya na misumari kumrudisha kazini.

Nilikaa na wasiwasi huo siku kadhaa bila kununua chochote.

Kilichonipa jibu ni kigoda. Mtu aliyechoka kupika angekwenda kulala au kukaa barazani na wenzake. Mama alikiweka kigoda chake mlangoni mwa jiko kila jioni, akanyoosha shingo kufuata harufu. Hakuwa amechoka na jiko. Uzee wake ni kweli, nami nimeukubali. Ila uzee wa macho ni sababu ya kuongezewa mwanga, si sababu ya kutolewa mahali unapopapenda.

Nikarudi kwake kwa maneno mengine. "Mama, taa si yako peke yako. Mjukuu wako anakata na kisu kizuri kwenye giza." Akanyamaza. Kisha akasema, "Basi isinipige machoni."

Sharti hilo moja ndilo lililoongoza kazi yote.

## Masizi kwanza

Fundi umeme aliyekuja ni kijana wa mtaani, mpole, mwenye kuuliza. Kabla hata hajafungua mfuko wake aliangalia kuta, akasema: "Mama, hapa taa yoyote utakayoweka italiwa na ukuta."

Miaka ya mkaa imezipaka kuta zetu masizi. Ukuta mweupe safi hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoupiga, na ukuta mweusi huumeza karibu wote. Tulisugua kwa sabuni na brashi, tukapaka rangi nyeupe ya mafuta, ile inayofutika kwa kitambaa, na dari tukaipaka nyeupe isiyong'aa. Balbu ilikuwa ileile ya zamani, maana ya Kaka tulishaitoa. Kipimo cha simu juu ya meza kilipanda zaidi ya mara mbili.

Kama huna hela ya waya wala fundi, anza hapa. Ndoo ya rangi inafanya kazi mchana pia, kwa mwanga wa dirisha, bila kula umeme wa LUKU.

## Kuishusha

Juu ya meza ya zege kuna rafu ya mbao, ina vikombe na makopo ya viungo. Taa mpya imefungwa chini ya rafu hiyo, karibu na ukingo wa mbele, kwa hiyo mwanga unashuka moja kwa moja juu ya mikono ya anayepika. Mwili wake uko nyuma ya taa sasa, na kivuli kinakwenda nyuma.

Sheria yenyewe ni rahisi: ukiisogeza taa ndogo hadi nusu ya umbali, mwanga unaoangukia pale unakuwa karibu mara nne. Kutoka dari yetu mpaka kwenye meza ni kama mita mbili. Kutoka chini ya rafu ni chini ya sentimita 60. Ndiyo maana taa ya wati 9 chini ya rafu inaishinda balbu kubwa ya darini, na haimtoi mtu machozi.

Mbele ya taa fundi alipigilia ubao mwembamba wa vidole vitatu. Ubao huo ndio ulionifurahisha kuliko taa yenyewe. Unaizuia isionekane na mtu aliyesimama wala aliyekaa kwenye kigoda. Mwanga unauona, taa huioni. Sharti la Mama likatimia kwa kipande cha ubao kilichobaki kwenye kitanda kilichovunjika.

Ya usalama nayataja kwa ufupi kwa kuwa si ya kupuuza. Waya wa nyumba yetu ni wa zamani na jikoni hauna ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja, kwa hiyo fundi alichagua taa yenye mwili wa plastiki, iliyofungwa isiingie mvuke, yenye alama ya IP65, na akaukataa mwili wa chuma. Haikuwekwa juu ya jiko la gesi, kwa sababu mvuke wa mafuta huganda kwenye taa na joto huzifupishia LED maisha. Swichi ameiweka mlangoni, si pembeni ya sinki. Na kama umenusa gesi, usiwashe wala kuzima taa yoyote. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatambaa chini sakafuni, na cheche ya swichi inatosha. Fungua milango kwanza.

Kaka alikuwa ametunza tyubulaiti ya zamani stoo, akapendekeza tuitumie hiyo. Nilikataa. Zina zebaki ndani, na ikipasuka juu ya chakula hujui umekula nini. Nchi wanachama wa Mkataba wa Minamata, ule wa kudhibiti zebaki, zilikubaliana Geneva mwaka 2023 kwamba kutengeneza taa za aina hiyo, kuziingiza nchini na kuziuza nje kuishe kufikia mwisho wa 2027. Hata ningependa, baada ya muda nisingepata ya kubadilisha.

## Kitunguu cha pilau

Rangi ya mwanga ilituchukua muda kuliko kitu kingine chochote, na sijutii.

Taa ya kwanza tuliyonunua ilikuwa nyeupe ya kuelekea buluu, ile ya Kelvini 6500 (Kelvini ni kipimo cha rangi ya mwanga: ikipanda, mwanga unaelekea buluu; ikishuka, unaelekea njano) inayojaa madukani kwa sababu dukani inaonekana kali. Mchele ulionekana vizuri mno. Vijiwe vilijitokeza vyenyewe. Nikadhani tumemaliza.

Mama akaweka sufuria ya kitunguu cha pilau.

Anayejua pilau ya pwani anajua kwamba rangi yote inatoka pale. Kitunguu kikiwa cha dhahabu, pilau inapauka. Kikiungua, inakuwa chungu na hakuna cha kuiokoa. Kati ya hizo mbili kuna kahawia moja tu, na inakaa kwa muda mfupi sana. Mama alichungulia, akachungulia tena, akasema: "Hapa kila kitu ni kijivu. Sioni kama kimeiva au kimekufa."

Alikuwa sahihi kabisa. Taa nyeupe ya LED kwa kawaida ni chembe ya buluu iliyofunikwa unga wa manjano, na vikichanganyika jicho linaona weupe. Chembe hiyo ya buluu ilikuwa ngumu kupatikana mpaka watafiti watatu wazaliwa wa Japani, Akasaki, Amano na Nakamura, walipoiweza, wakapewa Tuzo ya Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Lakini katika taa za bei rahisi mchanganyiko huo una wekundu kidogo sana. Kahawia, wekundu wa nyama, wekundu wa mashavu ya samaki unayetaka kujua kama ni wa leo, vyote vinakosa cha kuvionyesha. Kwenye boksi kuna kipimo cha jinsi taa inavyoonyesha rangi kwa ukweli, huandikwa Ra au CRI, na juu kabisa ni 100. Nyingi ni 80. Kwa jikoni tafuta 90, hata kama bei imezidi.

Tulirudi dukani tukachukua tatu za Kelvini tofauti, tukazijaribu usiku mmoja juu ya nyanya, mchicha na kipande cha maini. Ile ya njano, 2700, ilifanya kila kitu kionekane kitamu na mchele uonekane mchafu. Mama alichagua ya katikati, 4000, yenye Ra 90. "Hii haidanganyi," alisema.

Jambo moja zaidi kwa atakayekwenda kununua: washa kamera ya simu, ielekeze kwenye taa iliyowashwa kwa karibu. Ukiona mistari inayotembea kwenye kioo, taa hiyo inapepesa hata kama jicho halioni, na huwaumiza vichwa baadhi ya watu. Tuliiacha moja dukani kwa sababu hiyo, na muuzaji, kwa haki yake, alishangaa na kuanza kuzipima zote.

## LUKU

Mama bado huizima kila akitoka hata kwa dakika mbili. Nimempigia hesabu mbele yake: wati 9, saa tano kila usiku, siku 30, ni kama uniti moja na theluthi kwa mwezi. Balbu ya zamani ya nyuzi ya wati 60 kwa saa hizohizo ilikuwa inakula uniti tisa. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akaizima. Nimeacha. Aliyekwisha kuona vijiwe vyake ana haki ya kuzima.

Umeme ukikatika kuna taa ndogo ya kuchaji tuliyoitundika kwenye msumari palepale chini ya rafu. Hiyo anaibeba.

## Pongwe

Baada ya hapo Kaka alikwenda Pongwe, anakojenga, akakuta fundi wake ameshachora pointi kwa chaki kwenye matofali. Sebuleni kumi na mbili. Jikoni moja, katikati.

Akasimamisha kazi. Alimpeleka wifi yangu, atakayepika mule, akamwambia asimame palipo na sinki, kisha palipo na jiko, kisha aigize kukata. Fundi akafuata nyuma yake na chaki. Moja chini ya kabati litakalokuja. Moja pembeni ya dirisha. Ile ya katikati imebaki, kwa kufagilia.

Halafu fundi akauliza swali ambalo, kwa maneno yake mwenyewe, hajawahi kumuuliza mteja: "Shemeji, unakatia mkono gani?"

Wifi yangu anakatia wa kushoto. Pointi ya pembeni ya dirisha imehamia upande wa kulia, na plasta itapigwa wiki ijayo.